Njia ya Kutolea Joto: Mhadhara kuhusu Laptopu Kuukuu



Naanza na dai ambalo baadhi yenu hamtalikubali upesi: prosesa ya laptopu haipungui kasi kwa sababu ya umri. Chipu iliyotoka kiwandani mwaka wa 2016 ikiwa na uwezo wa kupiga mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde ina uwezo huo huo leo. Haina meno yanayolika. Ni kweli kwamba transista zake huchakaa kidogokidogo kwa umeme na joto la miaka mingi, lakini waliozibuni waliliona hilo mapema wakaacha nafasi ya kutosha, na kwa kawaida mashine hutupwa kabla ya uchakavu huo kuhisiwa na mtu yeyote. Hata hivyo, hakuna asiyeijua laptopu ya miaka minane: feni inavuma kutwa, sehemu ya chini inaunguza mapaja, kishale kinaganda katikati ya skrini, na mwenyewe ameshajiandaa kuambiwa kwamba imezeeka, anunue nyingine.

Imezeeka wapi hasa? Hilo ndilo swali langu leo. Jibu langu ni kwamba mara nyingi kilichozeeka ni njia ya kutolea joto, na njia hiyo hufunguliwa upya kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya mashine.

Swali hili lina uzito wake kwetu. Kuanzia hapa Makongeni na mjini Thika, ukiteremka na barabara kuu hadi Juja na Ruiru, laptopu ni chombo cha kazi. Mwenye saiba (duka la intaneti) anawajazia watu ritani za kodi za KRA, maombi ya mikopo ya masomo ya HELB na fomu za serikali za eCitizen. Mwanafunzi wa Mount Kenya University au wa JKUAT anaandika humo mradi wake wa mwaka wa mwisho. Kijana aliyepanga chumba kimoja upande wa Garissa Road anakesha akisikiliza rekodi za watu wa ng'ambo na kuzigeuza maandishi, na kazi ikipita saa iliyowekwa hailipwi. Laptopu ya kijana huyo ikijizima ghafla usiku wa manane, kodi ya mwezi imeingia mashakani.

Nyingi ya mashine hizi hazikununuliwa mpya. Ni zile tunazoziita ex-UK. Zilifanya kazi miaka mitatu, minne katika ofisi za Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kampuni zikabadilisha vifaa, zikauzwa kwa jumla, zikapanguswa na kusafirishwa hadi Nairobi, na kutoka maduka ya Luthuli Avenue zikatufikia: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Nazitetea mashine hizi bila kusita. Ziliundwa kwa ajili ya waajiri waliotaka kifaa kikiharibika kifunguliwe, kitengenezwe na kurudishwa mezani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana zina skrubu za kawaida na sehemu zake zinang'oka. Shida ni kwamba zinahama kutoka ofisi yenye zulia na hewa iliyochujwa na kuingia katika maisha yetu bila mtu kuzifungua kwanza na kuziandaa.

Tulitazame joto lenyewe. Umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka kama joto. Hesabu ikishafanyika na herufi ikishaandikwa, kilichobaki cha umeme ule ni joto tupu, na lazima liende mahali. Chukueni EliteBook 840 G3, ambayo bila shaka imo katika mikoba kadhaa ndani ya ukumbi huu. Nyingi zina prosesa ya Core i5-6300U, iliyokadiriwa wati 15. Wati 15 ni kidogo. Balbu ya zamani ya chumbani ilikula mara nne ya hizo. Lakini wati hizi zinazaliwa katika kipande cha silikoni kinachotoshea juu ya ukucha wa kidole gumba, na zisipoondolewa, kipande hicho hupanda kufikia kiwango cha maji ya kuchemka kwa muda mfupi sana.

Wahandisi waliwahi kuwa na ahueni. Mwaka wa 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista unaweza kupunguza volti yake pia, hivyo eneo lile lile la chipu likabeba transista nyingi zaidi bila kuongeza joto. Kanuni hiyo iliibeba dunia ya kompyuta kwa takriban miaka 30. Katikati ya miaka ya 2000 ikakwama: transista zilikuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa. Mwaka wa 2004 Intel iliuacha mradi wake wa prosesa iliyoitwa Tejas, joto likiwa miongoni mwa sababu, ikageukia chipu zenye viini viwili na zaidi. Tangu hapo kasi ya kompyuta imefungamana na uwezo wake wa kujipoza. Mkinunua mashine ya gigahezi 3 mnanunua ahadi yenye sharti, na sharti ni kwamba joto litoke.

Sasa fuateni nami njia linayopita. Juu ya chipu kuna pesti, utando mwembamba wa rangi ya kijivu. Juu ya pesti kuna kibamba cha shaba. Kibambani linaanzia bomba la shaba lililobanwa likawa bapa, nalo linaelekea ukingoni mwa mashine. Ukingoni kuna mapezi, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa kwa nafasi ya karibu milimita moja moja. Nyuma ya mapezi kuna feni, inayovuta hewa kutoka chini ya laptopu na kuisukuma nje kupitia katikati ya vibati hivyo. Hakuna kingine. Ikizibika sehemu moja ya njia hii, zilizobaki hazisaidii kitu.

Bomba lile wengi hudhani ni shaba tupu. Ndani yake mna maji kidogo sana, na hewa imeondolewa ili maji yachemke kwa joto dogo. Upande wa chipu maji yanageuka mvuke. Mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanafyonzwa na utambi wa ndani hadi yalikotoka. Sufuria iliyofunikwa hufanya kazi iyo hiyo, mvuke ukipanda, ukigusa kifuniko na kudondoka. George Grover na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, ndio walioliunda bomba la namna hii mwaka wa 1963, na wa kwanza kulithamini walikuwa watu wa vyombo vya anga. Lisipopindwa wala kutobolewa, huishi muda mrefu kuliko mashine yenyewe. Fundi akikwambia bomba limekufa, mwombe akuonyeshe mahali lilipoumia.

Pesti haina maisha marefu kama hayo. Uso wa chipu na uso wa kibamba, hata viking'aa namna gani, vina vijibonde visivyoonekana kwa macho, na humo hukaa hewa. Hewa ni mpitishaji mbaya mno wa joto. Shaba huishinda zaidi ya mara 10,000. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo. Lakini kila mnapoiwasha mashine chipu hupata moto na kutanuka, mkiizima hupoa na kunywea, na mwendo huo wa miaka huisukuma pesti pembeni. Majimaji yaliyomo nayo hujitenga na kukauka. Fungueni laptopu ya miaka sita ambayo haijaguswa: katikati mtakuta ukoko mkavu wenye nyufa, na pembeni ukingo mgumu. Hewa imerudi palepale ilipofukuzwa.

Nikifika kwenye vumbi naomba niende polepole, kwa sababu hapa ndipo Makongeni inapotofautiana na ofisi ya Manchester. Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu, udongo mwekundu wa barabara za ndani unatimuliwa na bodaboda na kupanda hadi kwenye madirisha ya ghorofa. Vumbi hilo likiwa kavu, feni ingeweza kulipitisha sehemu kubwa. Kinacholigandisha ni mafuta. Wengi wetu tunaishi, tunapika na kufanya kazi katika chumba kimoja. Vitunguu vinakaangwa hatua mbili kutoka kwenye laptopu, jiko la makaa linafuka, au stovu ya mafuta ya taa inazimwa na kuacha moshi wake mzito. Feni inauvuta mvuke huo wote. Mafuta yanatanda juu ya mapezi, kisha nyuzi za blanketi, nywele na vumbi vinanasa hapo, safu juu ya safu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, kati ya feni na mapezi huwa kumejengeka utando mzito wa kijivu ambao mtu anaweza kuushika kwa vidole na kuuvua kipande kizima.

Hapo feni huzunguka kwa nguvu zake zote na sauti ikasikika chumba cha jirani, lakini hewa haitoki. Kuna kipimo kisichohitaji fundi: wekeni kiganja penye tundu la pembeni wakati feni inavuma. Upepo wa moto ukitoka kwa nguvu, njia ya hewa iko wazi, na kama mashine bado inaungua kagueni pesti. Mkihisi pumzi hafifu ilhali feni inanguruma, utando umeziba.

Kuna jambo lingine linalotuhusu watu wa nyanda za juu, nalo silisikii likitajwa. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya saba. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini uzani wa hewa hiyo ni mdogo, na joto inalobeba ni dogo vilevile. Usiku wetu wa Julai unatufidia, na wenzetu wa Mombasa na Lamu wana mzigo wao wa hewa moto na chumvi inayoleta kutu. Hata hivyo mashine iliyosafishwa nusunusu, ambayo ingejikongoja mahali pa usawa wa chini, hapa haina akiba ya kutosha. Kumbukeni pia kwamba laptopu nyingi zimethibitishwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na chumba cha paa la mabati saa nane mchana mwezi wa Februari hukikaribia kiwango hicho.

Tena kuna kitanda. Matundu ya kuvutia hewa yako chini ya mashine. Ukiiweka juu ya godoro au duveti umeyaziba yote, na nyuzi za kitambaa zinavutwa ndani bila kukoma. Kipande cha ubao kinatosha. Watu wangapi wamebadilisha laptopu nzima kwa kukosa kipande cha ubao!

Joto likikosa kutoka, mashine hufanya nini? Prosesa niliyoitaja ina kikomo cha nyuzi 100, na ndani ya silikoni yenyewe mna vipima joto vinavyosomwa wakati wote. Ikikaribia kikomo hupunguza mapigo yake. Kutoka gigahezi 2.4 au zaidi inaweza kushuka hadi chini ya gigahezi moja, volti nayo ikashuka, kwa kuwa joto hupungua haraka sana volti inaposhushwa. Hali isipotengemaa, mashine hujizima papo hapo ili isiungue. Upolepole mnaoulalamikia, basi, ni chipu ikijilinda. Tena kuna mzunguko mbaya ndani yake: chipu yenye moto huvujisha umeme zaidi, umeme uliovuja huzaa joto zaidi, na feni hulazimika kukimbia zaidi, beringi zake zikachakaa mapema. Ndiyo sababu mashine iliyoanza kuchemka haikai ilivyo. Kila mwezi huzidi.

Lakini naomba msitoke hapa mkidhani kila upolepole ni joto. Ipo njia rahisi ya kubagua. Iwasheni laptopu asubuhi ikiwa baridi kabisa. Kama inakwenda vizuri kwa dakika kumi au ishirini kisha inaanza kukwama, shukuni joto. Kama inakokota tangu sekunde ya kwanza, tafuteni kwingine.

Kwingine kwa kwanza ni diski. Diski ya kuzunguka iliyo katika laptopu nyingi za zamani hupiga mizunguko 5,400 kwa dakika, na kila inapotafuta kipande cha data lazima mkono wake usogee na sahani izunguke hadi mahali pake. Kwa sekunde moja haiwezi kutafuta hata mara 100 vipande vilivyotawanyika. Diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, huvipata makumi ya maelfu. Hakuna marekebisho mengine ninayoyajua yanayoigeuza mashine kuukuu kiasi hicho kwa pesa kidogo, na nasikitika kila nikiona mtu akiuziwa laptopu nyingine wakati yake ilihitaji SSD peke yake. La pili ni kumbukumbu ya RAM. Mashine ya gigabaiti 4 ikifunguliwa kivinjari chenye kurasa kumi hujaa, na ikijaa huanza kuhamishia mizigo kwenye diski; diski ikiwa ya kuzunguka, kila kitu kinasimama. La tatu ni chaja. Baadhi ya laptopu huwasiliana na chaja kupitia pini ya katikati, na zisipoitambua hushusha prosesa makusudi hadi kasi ya chini kabisa, hata zikiwa baridi. Pini iliyokatika imewahi kuitwa virusi mara nyingi mno.

La nne, na kubwa kuliko yote hayo, ni programu. Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika mwaka wa 1995 makala ya kulalamika kwamba programu zinanenepa kwa haraka kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Mwaka huo huo Windows 95 ilitoka ikiomba angalau megabaiti 4 za RAM. Windows 11 inaomba gigabaiti 4, yaani mara elfu moja, na hicho ni kima cha chini ambacho hakimfurahishi anayekitumia. Sehemu ya unene huo ina sababu njema: usalama, lugha nyingi, picha safi. Kivinjari cha Chrome kilipotoka mwaka wa 2008 kilitenganisha kurasa katika michakato mbalimbali ili moja ikianguka isiziangushe nyingine, na gharama ya usalama huo ni RAM. Lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni uzembe wa watu wanaoandika programu wakiwa na mashine mpya mezani, wasiowahi kumwazia mtumiaji wa hapa kwetu mwenye laptopu ya mwaka wa 2013.

Mara nyingi nimeulizwa kama kampuni hutupunguzia kasi makusudi ili tununue upya. Ni swali la haki na linastahili jibu lenye ushahidi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya simu za iPhone zenye betri iliyochoka. Ikaeleza kwamba nia ilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafla. Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Januari 2018 yalitangazwa mapengo ya usalama ya Meltdown na Spectre katika prosesa, na viraka vyake vilipunguza kasi, hasa kwa chipu za zamani. Microsoft yenyewe ililisema hilo wazi. Kwa hiyo upo upolepole ulioletwa na programu kwa uamuzi wa watu, na mtumiaji ana haki ya kuambiwa. Hata hivyo nikipima yote, utando wa vumbi na pesti iliyokauka umeua laptopu nyingi zaidi mtaani kwetu kuliko hila yoyote ya kampuni.

Kuna hila iliyo karibu nasi zaidi. Windows za kukraki, na vile viprogramu vya kufungulia leseni tunavyopeana kwa flashi, mara kwa mara hubeba wageni wanaotumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine. Ukiona feni inakimbia na matumizi ya prosesa yako juu wakati hujafungua programu yoyote, mshuku mgeni huyo. Umeme unaolipa ni wako, joto ni lako, faida ni yake.

Betri naizungumzia peke yake kwa sababu inaweza kuchoma nyumba. Seli za lithiamu huchukia joto. Kanuni inayokubalika ni kwamba kila nyuzi kumi zinapoongezeka, uchakavu wa kikemia hukaribia maradufu. Laptopu inayochemka, iliyochomekwa kwenye umeme mchana kutwa ikiwa na betri iliyojaa pomoni, inaipika betri yake pande zote mbili. Baadhi ya seli huzalisha gesi ndani na kuvimba. Dalili huonekana kabla ya hatari: padi ya mguso (touchpad) inapanda na kukataa kubonyezwa, kifuniko cha chini kinaachana, mashine haikai bapa mezani. Ukiona hivyo zima, chomoa, usiibonyeze, usiitoboe, usiilalie, na usikubali fundi yeyote akwambie kwamba inaweza kutumika bado kidogo. Mashine nyingi za ofisi zina mpangilio wa kuzuia betri isijazwe kupita asilimia 80. Mwenye saiba anayechomeka laptopu zake kutwa angefaa auwashe leo hii.

Thika ni mji wa viwanda. Humu kuna Bidco, kuna Thika Cloth Mills, kuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, na mananasi ya Del Monte yanapita kwenye mitambo mchana na usiku. Wengi waliomo ukumbini wamefanya kazi huko, nao wanajua kwamba mtambo una ratiba ya kusafishwa na kutiwa mafuta, imeandikwa na kutiwa saini, na hakuna msimamizi anayesubiri mota itoe moshi. Ujuzi huo tunao. Tunapoingia nyumbani tunauacha getini. Laptopu inayomlisha mtu inakaa miaka mitano bila kufunguliwa, ikikwama inapelekwa kwa fundi, fundi anasema ina virusi, anaiformati, mwenyewe anapoteza picha na kazi zake, na baada ya wiki mbili inachemka vilevile kwa sababu vumbi halikufutwa na Windows mpya.

Kwa mafundi vijana nina maneno ya kindugu. Kupiga blower kutoka nje bila kufungua kifuniko kunaurudisha utando nyuma kwenye feni, haukutoka, umehama. Fungueni. Feni izuieni kwa kijiti kabla ya kupuliza, kwa kuwa upepo mkali huizungusha kupita kasi iliyoundiwa na kuharibu beringi. Uvueni utando kwa brashi upande unaotazamana na feni. Pesti ya zamani ifuteni kwa spiriti safi hadi silikoni ing'ae, kisha wekeni mpya kiasi cha punje ndogo, na skrubu za kibamba zikazeni kwa zamu kufuata namba zilizochapishwa kando yake. Ichomoeni betri kwanza kabla ya yote hayo. Na mteja mwonyesheni kilichotoka ndani. Akiuona ule utando kwa macho yake, mwaka ujao atarudi mwenyewe.

Limebaki suala la mashine ambazo ni nzima lakini zimeambiwa muda wao umekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo kabla ya kizazi cha nane, ambacho kilianza mwaka wa 2017. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha sita. Mashine hiyo inaandika, inafungua eCitizen, inaendesha mikutano ya video, na kwa karatasi za kampuni imepitwa. Kwa watumiaji wa kawaida waliojiandikisha, masasisho ya ziada ya usalama yalipangwa kuendelea hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo ushauri wangu kwa mwenye saiba na kwa mwanafunzi ni mifumo endeshi ya Linux Mint au Ubuntu, isiyo na ada ya leseni na inayoendelea kupokea masasisho. Wapo watakaokosa programu fulani wanayoihitaji kazini, nao itabidi wanunue mashine ya kizazi cha nane. Wakinunua, watazame kama RAM inatoka au imechomelewa kwenye bodi, na kama kifuniko cha chini kina skrubu.

Mashine hizi tusipozitunza, najua zitakakokwenda. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa rasmi. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inayomtwika mtengenezaji na mwingizaji wa bidhaa wajibu hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria haijafika kwenye kila gunia linaloelekea jaa la Kang'oki, ambako nyaya huchomwa ili ipatikane shaba na moshi ukawarudia wanaoishi karibu. Laptopu iliyosafishwa leo haitafika huko kwa miaka mingine mitatu, minne.

Niliwaomba mje na mashine zenu, na naona meza ya nyuma imejaa. Bisibisi zipo, brashi zipo, spiriti ipo, na mafundi wawili wa hapa Makongeni wamekubali kusimama nami. Maswali tutayachukua tukiwa tunafanya kazi. Tuanze na zile ambazo padi ya mguso imepanda. Wenye mashine hizo njooni mbele kwanza, na tafadhali msiziwashe.